Mstari wa Katikati ya Shuka

Jumatatu saa nne asubuhi mashine zote za kufulia za hospitali zilizimwa kwa mpigo mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu zifungwe, na madobi kumi na mmoja wakaambiwa wakae juu ya marobota ya nguo chafu wasikilize. Marobota yenyewe yalikuwa yametoka chumba cha upasuaji. Mtu mwenye akili zake asingechagua kuyakalia, lakini viti vilikuwa viwili tu, na vyote vilikuwa vya watu wa suti.

Suti ya kwanza ilikuwa ya meneja mpya. Ya pili ilikuwa ya kijana mmoja wa viatu vilivyochongoka, aliyetambulishwa kuwa ni mkufunzi wa fikra za ujasiriamali. Madobi walimwangalia kwa heshima, maana hakuna aliyejua fikra hizo zinafuliwaje.

"Kuanzia mwezi ujao," meneja alisema, "hapa hakutakuwa na mfanyakazi hata mmoja."

Mama mmoja mkunjaji wa nguo, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alijishika kifua. "Mungu wangu!"

"Tulia, mama. Nimesema hakutakuwa na wafanyakazi. Kutakuwa na washirika."

"Washirika wa nini?"

"Wa biashara."

"Na mshahara?"

Mkufunzi aliruka kutoka kitini kana kwamba alikuwa akilisubiri swali hilo tangu azaliwe. "Mama, hilo ndilo swali linalotufunga! Mfanyakazi anauliza, nitalipwa nini. Mjasiriamali anauliza, nimtatulie nani tatizo lake. Umeona tofauti?"

Shangazi hakuiona, lakini alitikisa kichwa kukubali, maana wenzake wote walikuwa wanatikisa. Ndipo meneja akamalizia yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza saa ya chai. Washirika watakuwa watano. Ijumaa kila mmoja atasimama mbele yao kwa dakika kumi aeleze yeye ni biashara gani.

"Afanye biashara gani," dobi mmoja alijaribu kumsahihisha.

"Hapana," mkufunzi akasema. "Awe biashara gani."

Wakagawiwa daftari dogo kila mtu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maswali matatu. Mteja wako ni nani? Unamtatulia tatizo gani? Una nini ambacho mwenzako hana? Kisha mashine zikawashwa, na kelele zikameza maswali mengine yote.

Mpiga pasi wa mashuka alilisoma swali la tatu mara mbili, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. Hilo alikuwa na jibu lake. Kwa miaka kumi na tisa aliyosimama kwenye meza ile ya pasi, hakuna aliyemfikia kwa mstari. Alilikunja shuka katikati kwa urefu, akachovya vidole viwili kwenye kikombe cha wanga, akavipitisha kwenye kunjo, kisha akateremsha pasi mara mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Shuka likifunguliwa, mstari unasimama katikati kutoka kichwani hadi miguuni, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mkurugenzi mmoja wa zamani aliwahi kuupitisha kidole akasema mtu angeweza kukatia mkate. Tangu siku ile watu walimwita Mstari, na yeye mwenyewe jina lile alilivaa kama nishani.

Maswali mawili ya kwanza ndiyo yaliyomvuruga kichwa.

*

Mstari alipoingia nyumbani, mkewe alikuwa mezani anachambua mchele. Watoto wao walikwisha kuwa na miji yao, na nyumba ya vyumba viwili ilikuwa imebaki na watu watatu: Mstari, mkewe, na mama mkwe, ambaye kiharusi kilimlaza miaka miwili iliyopita na hakuinuka tena kitandani. Chumba cha mama mkwe kilikuwa kile chenye dirisha la kutazama uani. Kwa heshima ya ukwe, Mstari hakuwahi kuvuka kizingiti chake tangu siku walipomlaza humo. Alisalimia kutokea mlangoni, pazia likiwa limeshushwa, na mama mkwe aliitikia kwa neno moja au mawili, maana kiharusi kilikuwa kimemwachia maneno machache na yote mazito.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba… mkwe."

Basi. Lakini kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, Mstari aliwasha pasi ya nyumbani akapiga mashuka mawili ya mama mkwe, kwa wanga na kila kitu, akayapitisha kwa mkewe kwenye pazia. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kumwambia mzee yule mambo ambayo mkwe hawezi kuyasema.

"Mama watoto," alisema akivuta kiti, "eti mteja wangu ni nani?"

"Anayekulipa si ndiye?"

"Mkufunzi kasema anayekulipa siyo lazima awe mteja."

"Basi huyo mkufunzi ana hela zake." Mkewe alitupa kijiwe pembeni. "Hospitali."

"Hospitali ni jengo."

"Anayelalia shuka, basi. Mgonjwa."

Kwa miaka kumi na tisa Mstari alikuwa akifanya kazi chini ya ardhi, na juu ya kichwa chake kulikuwa na ghorofa nne za wateja ambao hakuwahi kuwatia machoni. Mashuka yalikuja machafu kwa bomba la ukutani la kudondoshea nguo, yakaondoka masafi kwa kitoroli. Hata hakujua wodi zina rangi gani.

"Sasa mtu simjui, nitajuaje tatizo lake?"

"Kwani wanawatafutia sababu ya kuwafukuza au wanawafundisha?"

"Sijui, mama watoto. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Maneno yenyewe ni mazuri. Ukiyasikiliza unajiona umechelewa maisha. Halafu ukikumbuka tuko kumi na mmoja na wanataka watano, unaona kama unachekwa." Alifungua daftari. "Lakini hili la tatu nimeshalijibu. Una nini ambacho mwenzako hana? Nimeandika: mstari."

Mkewe aliinamia mchele. Mkono wake ulisimama.

"Mstari," alisema.

"Siyo?"

"Ndiyo. Mstari ni mstari kweli."

Aliyasema hayo taratibu mno, na mtu mwingine angeuliza. Mstari alidhani ni uchovu. Mwanamke anayemgeuza mama yake mara sita kwa siku ana haki ya kuongea taratibu, na dawa za mama huyo zilikuwa zinakula nusu ya mshahara, mshahara ambao kuanzia mwezi ujao hata jina ungebadilishwa.

*

Jumatano akapiga moyo konde. Alimwomba msukuma kitoroli amwachie zamu moja, akapakia mashuka ya wodi ya sita na kuingia lifti akiwa na buti zake za mpira na daftari mfuko wa nyuma. Moyo ulimdunda kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Wodi ya sita ilikuwa ya wale wanaolala muda mrefu, vitanda arobaini, kuta za rangi ya maziwa. Nesi mmoja mwenye mikono minene alipokea shuka la juu bila hata kumtazama aliyelileta. Akalikung'uta likafunguka juu ya kitanda kitupu, na Mstari akauona mstari wake ukisimama pale katikati, mweupe, mnyoofu, mzuri. Alikuwa hajawahi kuuona mahali pake. Alitaka kusema kitu.

Nesi alichomoa chupa ya kupulizia maji kutoka mfukoni mwa aproni yake. Akapuliza mstari mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaegemeza kigasha akausugua kwa nguvu zake zote, huku akivuta shuka pembeni kwa mkono wa pili.

"Sista! Unafanya nini?"

"Nautoa huu mfupa."

"Mfupa gani?"

"Huu hapa. Kuna mtu huko chini, sijui ana ugomvi gani na wagonjwa. Kila shuka analitia mfupa. Vitanda arobaini, kaka yangu, nasugua mpaka bega linaniuma. Tumeandika barua tatu. Zinaishia huko huko maofisini."

Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja aliyevunjika nyonga alicheka kicheko kikavu. Kadi ya kitandani ilisema alikuwa seremala.

"Niulize mimi," seremala alisema. "Miezi miwili nimelala nao. Hata ukiloweshwa, haufi wote. Nikigeuzwa kushoto unanikuta, nikigeuzwa kulia unanisubiri. Unapita hapa, kwenye pingili za mgongo. Ngozi imeshaanza kufunguka. Wewe ndiye unayepiga pasi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Mjasiriamali wa kweli, kwa jinsi mkufunzi alivyomweleza, angetoa daftari akaandika.

"Hapana," Mstari alisema. "Mimi naleta tu."

"Basi mpelekee salamu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje alale hapa siku moja. Moja tu, sitaki mbili."

Nesi mkuu ndiye aliyemwokoa, kama kuokolewa ndiko huko. Alitokea mlangoni akamwona mwanamume wa buti zenye maji machafu amesimama katikati ya wodi, akamuuliza kwa sauti ya kusikika vitanda vyote arobaini kama anajua hapa ni mahali pa wagonjwa au pa kuogeshea ng'ombe. Mstari aliomba radhi mara tatu, akashusha mashuka yaliyobaki, akasukuma kitoroli kitupu akaondoka. Kwenye lifti alijikuta ameshika vidole vyake viwili vya wanga, kama mtu aliyejikata.

*

Alirudi nyumbani jua bado lipo. Mkewe alikuwa uani anaanika, na pazia la chumba cha mama mkwe lilikuwa limefungwa pembeni ili upepo uingie. Mstari alisimama mahali pake pa kila siku, mlangoni, akafungua kinywa atoe shikamoo. Ndipo alipoiona. Kwenye msumari karibu na dirisha ilining'inia chupa ya kupulizia maji, ya plastiki, imechakaa shingoni kwa kushikwa.

Alikuwa ameiona mara nyingi mkononi mwa mkewe. Siku zote alidhani ni ya maua, na nyumba ile haikuwa na ua hata moja.

Akatoka uani.

"Ile chupa ni ya nini?"

"Ipi?"

"Ya dirishani."

"Ya maji," mkewe akasema. Alipomwangalia usoni akaweka beseni chini. "Baba watoto, kaa kwanza."

"Nimesimama miaka kumi na tisa. Sema tu."

"Naulowesha mstari. Wewe ukishaondoka pale kwenye pazia naulowesha, nausugua, ndipo namlaza mama."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Miaka miwili!"

"Na miezi mitatu."

"Na wewe unaniangalia tu? Kila Jumapili nimeinama pale, jasho linanitoka, na wewe unajua?"

"Ningekwambiaje?" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa ajili ya dirisha. "Nikwambie nini? Siku yako moja ya kupumzika unaamka unawasha pasi kwa ajili ya mama yangu. Nani ana mkwe wa hivyo? Nilipotaka kukwambia, mama ndiye aliyenikataza."

"Mama?"

"Alinikamata gauni kwa ule mkono wake mzima, akasema, muache. Basi nikakuacha."

Mstari alikasirika, kisha hakujua amkasirikie nani. Amkasirikie mkewe kwa kumtunzia heshima? Au mama mkwe kwa kuyalalia maumivu yake bila kumwaibisha? Meneja hakuwa na habari. Mkufunzi alikuwa ameuliza swali tu. Ilibaki pasi, na pasi haina masikio. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, aibu imemshika mpaka kwenye masikio, na mkewe akaketi chini karibu naye bila kumgusa.

"Ijumaa nitasema nini?" aliuliza mwishowe. "Kitu nilichonacho ambacho mwenzangu hana ndicho hicho hicho kinachochubua watu."

"Sema ulichoandika. Wao wataujulia wapi mgongo wa mama?"

*

Ijumaa marobota yaliondolewa na viti vikapatikana, maana mhasibu wa hospitali naye alikuja. Madobi walisimama mmoja mmoja. Mkamuaji wa nguo alisema yeye ni kampuni ya kimataifa ya usafi, akapigiwa makofi. Mwingine akasema ndoto yake ni kufua nguo za viongozi, mkufunzi akaandika. Shangazi alisimama, akashika ncha ya khanga yake, akasema yeye ni biashara ya kukunja.

"Kukunja tu?" meneja aliuliza.

"Nakunja vizuri."

"Na ukuaji, mama? Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

Shangazi alifikiri. "Nitakuwa nimezeeka," alisema, akaenda kuketi. Walicheka wote, na yeye pia akacheka, akifuta mikono yake mikavu kwenye khanga.

Mstari alipoitwa alikuwa na shuka kwapani na mambo mawili kichwani, na hadi anafika mbele hakujua lipi litatoka. Alilifungua shuka. Mstari ukasimama. Mhasibu alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mteja wangu ni mtu asiyeweza kujigeuza," Mstari alianza. "Nilikwenda kumtafuta Jumatano, nikamkuta wodi ya sita. Swali la pili, namtatulia tatizo gani. Mimi ndiye tatizo. Huu mstari unawachubua. Manesi wanausugua kwa maji kabla ya kumlaza mtu. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikijisifia kitu ambacho watu wanahangaika kukifuta."

Mashine moja iliyokuwa ikizunguka nyuma ilionekana kupunguza mwendo.

"Samahani," meneja alisema. "Wewe unajiuza au unajishtaki?"

"Sijui, mkuu. Mlisema tumwulize mteja."

Mkufunzi ndiye aliyeinuka, macho yanamng'aa. "Hii ndiyo fikra yenyewe! Huyu ametoka nje ya boksi!" Alimpigia makofi peke yake, kisha akayaacha alipoona hakuna anayemfuata.

Saa nane mchana karatasi ilibandikwa mlangoni. Majina matano. La tano lilikuwa lake. Mstari alilisoma akiwa haamini, na kabla hajafurahi akaitwa ofisini akapewa mkataba wa ukurasa mmoja. Kifungu cha pili kilisema mshirika wa pasi atahakikisha kila shuka lina mstari ulionyooka, katikati, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Lakini mkuu, nilieleza…"

"Ulieleza vizuri sana. Ndiyo maana umo." Meneja alishusha sauti kirafiki. "Sikiliza, mzee. Mhasibu analipa kwa kuangalia mstari. Akiuona, anajua shuka limepita kwenye pasi. Asipouona, atasema tumelianika tukalikunja. Mstari ndio risiti yetu. Na wewe ndiye unaupiga kuliko wote. Hayo mengine waachie manesi."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa hawasaini malipo. Jumatatu saa moja uniletee mkataba umesainiwa. Usipouleta, kuna kijana anaitaka kazi hii."

Alipotoka alimkuta Shangazi kwenye ngazi, ndala zake za kazini ziko ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwemo kwenye orodha. "Hongera, Mstari," alimwambia, na alimaanisha, na hilo likamwumiza zaidi kuliko kama angemtukana.

*

"Saini," mkewe alisema. Ilikuwa Jumamosi, karatasi iko mezani kati ya vikombe vya chai.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia habari ya chupa."

"Nami nakuonyesha sanduku la dawa. Limebaki na vidonge vya siku nane. Nesi ana chupa yake, mimi nina yangu. Miaka miwili nimesugua, nimekufa?"

"Nesi mmoja, vitanda arobaini."

"Kwa hiyo uache kazi ili nesi apumzishe bega?"

"Sijasema niache."

"Umesema nini basi?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Akitia mstari, anamchubua mtu kama mama mkwe. Asipotia, mama mkwe mwenyewe hana dawa. Kila upande aliogeukia ulikuwa na mgongo wa mtu. Mkufunzi alikuwa amewaambia wakikwama wajiulize mwenye kampuni angefanya nini, lakini mwenye kampuni, yaani meneja, walikuwa wamekwisha kumsikia, naye alitaka mstari.

Akaamka, akawasha pasi. Si kwa sababu alikuwa na wazo. Mikono yake haikujua kufanya kitu kingine ikichanganyikiwa.

Jumamosi ile aliharibu mashuka yote ya nyumba. Alilipiga moja bila kulikunja, likaishia kujikunja lenyewe kwenye sakafu. Lingine alilizungusha kwenye fimbo ya zamani ya pazia, likatoka laini kama ngozi ya mtoto, lakini kwa macho ya mhasibu lingekuwa ni shuka lililoanikwa tu. Mkewe alipita mara mbili akiguna. Mara ya tatu alisimama.

"Lazima huo mstari uwe katikati?"

"Kifungu cha pili."

"Siulizi kifungu. Naulizia shuka. Huku chini kwenye pindo, sehemu ninayoifutika chini ya godoro, nani analala huko?"

Mstari alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anaoneshwa. Kisha akachovya vidole viwili kwenye wanga. Alilizungusha shuka zima kwenye fimbo bila kunjo, akaacha pindo la miguuni peke yake nje, na hapo akapiga mstari mmoja mfupi, wa urefu wa kiganja. Ulisimama. Ulikuwa mstari wake kabisa, mtu yeyote angeutambua, isipokuwa ulikuwa umehama.

"Risiti," alisema.

"Meneja atakubali?"

"Simjui, mama watoto. Anaweza kunicheka. Anaweza kumwita huyo kijana wake." Alichukua kalamu. Kwenye kifungu cha pili akafuta neno "katikati" na maneno yaliyofuata, akaandika juu yake kwa herufi ndogo: kwenye pindo la miguuni. Kisha akasaini, huku mkewe akiangalia sanduku la dawa. Hakumzuia.

Jumapili mchana Mstari alisimama kwenye pazia na lile shuka mikononi, limezungushwa kwenye fimbo. Safari hii hakulipitisha.

"Hodi, mama. Naomba kuingia."

"Karibu… mkwe."

Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokifikiria, na mama mkwe pia. Mkewe alimgeuza mama upande mmoja, wakatandika nusu. Akamgeuza upande wa pili, wakavuta iliyobaki, na Mstari akalifutika pindo chini ya godoro kwa mikono yake mwenyewe. Chupa ilibaki kwenye msumari. Walipomlaza chali, Mstari alirudi nyuma hatua moja, macho chini, hajui aweke wapi mikono.

Mkono mzima wa mama mkwe ulianza kutembea juu ya shuka. Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, vidole vikitafuta. Ulisimama ubavuni, ukatafuta tena taratibu, ukaingia hata chini ya mgongo kadiri ulivyoweza. Haukuupata mstari. Uso wa mzee ukaanza kujikunja, na machozi yakamlengalenga.

"Wame…" alisema, akavuta pumzi. "Wamekufukuza?"

Mkewe aliziba mdomo kwa mkono. Mstari alipiga goti kando ya kitanda, akaushika ule mkono uliokuwa bado unatafuta.

"Bado, mama," alisema. "Jumatatu ndiyo tutajua."